Kikombe cha Fundi Saa

Saa ya ukutani ilikuwa inakata roho, na Fundi alikuwa anaisikia.

Hakuiona. Hakuona kitu. Lakini kuujua mlio ule hahitaji macho mtu aliyekula na kulala na saa maisha yake yote: mshale wa sekunde unaruka, unarudi palepale, unaruka, unarudi palepale. Betri imebakiwa na nguvu ya kushtuka, haina nguvu ya kusogea. Angepewa kiti cha kupanda na betri mpya angeimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa. Badala yake alikuwa amelazwa chali, jicho la kulia limefunikwa kwa pamba na ngao ya plastiki, na la kushoto halikuwa jicho tena tangu ujana wake, siku springi ya saa kubwa ilipofyatuka ikamchoma. Hakuwa na jicho la akiba. Hili la kulia likienda, limekwenda na yeye.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo ya mashuka, mwisho kabisa wa wodi. Mkewe alikuwa amemsimulia kilivyo, kwa sababu alimwomba: dirisha moja tu, kioo chake kimepakwa rangi nyeupe, halifunguki. Mlangoni pamebandikwa karatasi kwamba asiingie mtu bila kunawa mikono. Kitanda kimoja, kiti kimoja, saa moja mbovu. Mtaani watu walimwita Sekunde, kwa ukali wake wa wakati. Ukiahidi kuja alasiri ukatokea jioni, unakuta mlango umefungwa na mwenyewe yumo ndani anakusikiliza unavyobisha. Sasa Sekunde alikuwa amefungwa yeye, na aliyekuwa nje ni ulimwengu mzima.

Asubuhi hiyo daktari wa macho aliingia. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini na viatu vya mpira visivyolia, kwa hiyo Fundi alimtambua kwa sabuni na kwa koti. Koti lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi kwa wanga mpaka limekuwa gumu kama karatasi. Kila akiinua mkono lilitoa sauti ya kukwaruza.

Alimfungua ngao, akaondoa pamba iliyolowa, akamwambia atazame mbele. Mke wa Fundi alisimama miguuni pa kitanda bila kupumua.

"Mzee wangu, nataka ukweli tupu," daktari alisema. "Napitisha kitu mbele yako. Unakiona?"

Fundi alitazama kwa nguvu zake zote. Alichokiona ni mwanga mchafu wa manjano, kama taa iliyowekwa nyuma ya blanketi lililolowa. Mwanga basi. Hakuna umbo, hakuna kivuli. Kisha akasikia koti likikwaruza, na upepo mdogo ukampita shavuni.

"Mkono," akasema. "Mkono unapita."

"Kutoka wapi kwenda wapi?"

Upepo ulikuwa umeanzia sikio la kulia. "Kulia kwenda kushoto."

Daktari akashusha pumzi, na mke wa Fundi akashusha yake. Fundi mwenyewe akajisikia kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani kwa kuchungulia daftari la jirani, na bado akafurahia maksi. Hakuwa na mpango wa kudanganya. Ila swali lilikuja, jibu likaja, na tangu lini fundi wa saa akaulizwa unaona akasema sioni? Neno hilo likishatoka mdomoni, yeye ni nani tena? Mzee mmoja tu aliyekaa kwenye kiti, anangoja kushikwa mkono apelekwe chooni.

Daktari alimweleza mkewe hali ilivyo, polepole, kama anayempa maelekezo ya njia. Jicho limeingiliwa na bakteria ndani, nyuma ya lenzi mpya waliyomwekea walipoondoa mtoto wa jicho. Usaha umetulia chini ya mboni, unaonekana hata kwa tochi. Jana walichoma sindano, wakavuta ute kidogo wa kupima maabara, wakachukua na damu ya mkononi, kisha wakaingiza dawa mlemle ndani ya jicho. Mgonjwa anayeona mkono ukipita, dawa hiyo huachiwa nafasi ifanye kazi. Mgonjwa anayeona mwanga peke yake hasubiri: lazima afunguliwe tena, ute wote uliooza ukatwe na kunyonywa, jicho lioshwe ndani.

"Tushukuru anaona mkono," daktari alimalizia, "kwa sababu mashine ya kazi hiyo imo kwenye chumba chetu cha upasuaji, na chumba nimekifunga mwenyewe kwa kufuli. Hospitali nyingine yenye mashine hiyo iko mbali."

Mke wa Fundi aliuliza kwa nini chumba kimefungwa.

"Kwa sababu ya mumeo, mama. Mgonjwa akitoka kwangu na jicho lenye usaha, siingizi mwingine humo mpaka nijue uchafu ulitoka wapi. Tumefuta kuta, tumefuta vyombo, tumepima maji. Tunangoja majibu."

Alimfunga Fundi ngao, akatoka. Koti likakwaruza mlangoni. Fundi akabaki na ile sekunde inayoruka mahali pamoja.

Yeye alijua uchafu ulitoka wapi.

Kila fundi saa ana kile kikombe chake cheusi, kidogo kama kifuniko cha chupa, chenye kioo cha kukuzia mbele, anachokibana kwenye tundu la jicho bila kukishika ili mikono ifanye kazi. Cha Fundi kilikuwa kimezeeka naye. Mikono ikijaa, alikishika kwa meno. Kioo kikishika mafuta, alikilamba, akakifuta kwa upindo wa shati. Alisema mate yanashinda spiriti, na wanafunzi wote aliowahi kuwafundisha wakatoka na tabia hiyo hiyo. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alikuwa mwiba kwa usafi wa mikono. Aliyegusa saa iliyo wazi kwa kidole chenye jasho alifukuzwa mezani kama mbwa aliyeingia jikoni. Mikono, ndiyo. Mdomo hakuwahi kuuhesabu.

Siku walipomwondoa mtoto wa jicho, alirudishwa wodini na utani mdomoni. Aliwaambia wauguzi kwamba mtoto huyo kamlea miaka mingi na hajawahi kumletea hata sigara. Kesho yake walipomfungua, aliona vifungo vya koti la daktari, aliona uzi wa kimoja umelegea, akamwambia. Wote walicheka. Walimpa dawa ya matone, wakamruhusu kwenda nyumbani, wakamkanya: usiguse, usisugue, usiiname, maji yasifike. Aliitikia kila sharti kwa sauti ya mtu mwenye akili.

Alasiri ya siku hiyo hiyo mkewe alitoka kwenda dukani. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho karakana. Fundi alikwenda kukaa tu, ajionee meza yake. Meza ilikuwa na rangi. Alikuwa amesahau kwamba mbao ina rangi. Akafungua mgongo wa saa moja ya mkononi, ya mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa akiulizia kila mara, kwa nia ya kuitazama kwa mbali. Kwa mbali hakutosheka. Mkono ukachukua kikombe. Ulimi ukalamba kioo. Shati likafuta. Jicho lililoshonwa jana likakibana.

Akaliona gurudumu dogo la shaba likienda na kurudi, likienda na kurudi, kama kifua cha kifaranga. Miaka mingapi alikuwa akilisikia tu na kubahatisha? Alilia. Alilia na kikombe kikiwa palepale, machozi yakajaa ndani yake, na mate, na vumbi la shaba, vyote vikalala juu ya kidonda ambacho bado hakijajua kufunga.

Usiku jicho liliwasha. Kesho yake likauma. Kesho kutwa dunia ikawa maziwa, kisha moshi, na akarudishwa hospitali ameshikwa mkono. Walipomuuliza kama aligusa au kusugua, alisema hajagusa. Kweli hakugusa. Vidole vyake havikufika hapo.

Kikombe alikuja nacho. Kilikuwa chini ya mto.

Kabla adhana ya adhuhuri haijasikika, dada yake mkubwa aliingia. Huyu alikuwa ndiye mkubwa wao wote waliobaki, na tangu utotoni alibandikwa jina la Redio, kwa vile hakuna aliyewahi kukuta imezimwa. Alinawa mikono mlangoni huku akilalamikia sabuni, akavuta kiti, akaanza. Kwamba alisema tangu mwanzo. Kwamba mtu hapelekwi kupasuliwa na mkwe wake. Kwamba ndugu wakikaa pamoja jikoni sawa, lakini jichoni wapi na wapi.

Mkwe aliyekuwa akimsema ni mke wa mwana pekee wa Fundi, muuguzi wa chumba kile cha upasuaji. Yeye ndiye aliyemsafisha uso siku ya kazi na kumimina ile dawa ya kahawia jichoni kabla ya kisu. Tangu chumba kifungwe, alikuwa amepewa amri akae nyumbani mpaka majibu yatoke. Mumewe, maskini, amekaa katikati ya shangazi na mke kama nguo iliyobanwa mlangoni, hasemi neno.

"Wiki ile ile alikuwa anakohoa," Redio alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu, kwenye sherehe ya kumtahiri mtoto wa jirani alikohoa mpaka akaenda nje. Halafu anakwenda kukupumulia jichoni. Mdogo wangu, umeuawa kwa kicheko."

Mke wa Fundi alimwomba apunguze sauti. Redio akasema yeye hajui kupunguza, kifungo chenyewe kiliharibika zamani. Jino la nyuma la Fundi, upande wa chini, lilikuwa likidunda. Lilikuwa limedunda muda mrefu, na alikuwa akililaza kwa karafuu.

Daktari aliporudi mchana, alikuta wote wawili wamo, akasema ni vizuri, wasikie. Majibu ya damu yametoka.

"Jicho ni chumba kidogo," alisema. "Mara nyingi moto ukiwaka humo, mwili mzima haupati habari, damu inakuwa tulivu. Damu ya mzee si tulivu. Chembe nyeupe zinazokimbilia bakteria zimejaa kupita kiasi, zile nyingine zimebaki chache. Na ile protini ambayo mwili huitoa ukiwa na uvimbe mahali, imepanda mno. Kwa hiyo ama bakteria hawa ni wakali kuliko wale tuliowazoea, ama kuna mahali pengine mwilini panawaka na sijapaona."

Akaanza kupatafuta. Alibonyeza tumbo, akasikiliza kifua, akauliza kuhusu mkojo, akakagua miguu katikati ya vidole. Fundi alimfuata kwa mawazo, na aliitambua njia hiyo. Ndivyo yeye mwenyewe alivyotafuta ugonjwa wa saa: unaanza na gurudumu la nje, unalisukuma kwa kijiti, zima, unakwenda la pili, zima, mpaka unafika kwenye lile lililopinda. Mama huyu alikuwa anamkaribia.

"Meno je?"

"Meno yangu yanavunja mfupa," Fundi akasema, na jino likadunda kama linataka kujibu lenyewe.

"Yote?"

"Yote."

Daktari akatoa la pili. Ule ute waliouvuta jichoni, maabara wameutia rangi na kuutazama kwa darubini. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi na kope, ambao ndio huleta shida hii mara nyingi, hukaa kwa vichala. Hawa wamejipanga mnyororo mmoja nyuma ya mwingine. Wameoteshwa kwenye sahani ili wajulikane kwa jina, lakini mnyororo wenyewe unasema mengi.

"Hao makao yao ni kooni na kinywani," daktari alisema. "Kwa hiyo nauliza kinywa cha nani kilifika karibu na jicho hili."

Kiti cha Redio kililia. Alikuwa amesimama.

"Si nilisema," alisema, na kwa mara ya kwanza aliongea kwa sauti ya chini, ikawa mbaya zaidi. "Si nilisema anakohoa."

Daktari alijibu kwamba habari ya kikohozi anayo. Mkwe alimwambia mwenyewe, hakusubiri kuulizwa, na ameshatoa kipimo cha koo. Hakuna aliyehukumiwa. Lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na Fundi alisikia ndani yake kitu kikiinama upande mmoja, kama mizani. Redio naye alikisikia. Alitoka kwenda kutangaza.

Maji yalikuwa yamemfika Fundi shingoni na aliyeyafungulia ni yeye. Akisema kikombe, atakuwa ameilipua heshima yake kwa mkono wake: Sekunde, mwalimu wa usafi, kajitia mate jichoni. Wanafunzi wake watasimuliana wakishika tumbo. Asiposema, binti wa watu aliyemsafisha uso kwa pamba na kumwambia usiogope Baba, atabeba jicho lake mgongoni mpaka uzeeni. Na chumba kitabaki na kufuli, kwa kuwa wanatafuta kwenye kuta zake kitu kilichofichwa chini ya mto. Na chumba hicho ndicho alichokuwa anakihitaji yeye, kwa sababu mkono hakuuona. Alijifungia ndani, akaufinyanga ufunguo kwa ulimi wake mwenyewe, akaumeza.

Hata hivyo alinyamaza. Alijiambia dawa ile ya sindano itafanya kazi. Alijiambia kesho ataona mkono kweli, na uongo wa leo utakuwa ukweli uliotangulia tu.

Mkwe wake alikuja alasiri. Hakuvaa sare, Fundi alisikia kanga ikigusa sakafu badala ya zile suruali zake za kazi. Alinawa mikono muda mrefu, muda wa muuguzi. Mama mkwe wake alimpisha akatoka kwenda kuoga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kwa maji.

Alimweleza kwamba amejipekua mpaka amechoka. Kwamba barakoa alivaa, lakini alipoinama kumimina dawa aliisikia inashuka puani, akaipandisha kwa bega. Kwamba alikohoa mara moja, amegeuka, ana hakika aligeuka, halafu akiamka anakuwa hana hakika. Kwamba mumewe hamlaumu wala hamtetei, na hilo la pili linamuuma zaidi. Aliongea bila kulia, kama anayesoma ripoti ya mgonjwa wa mtu mwingine. Kisha akafika mwisho.

"Baba, nadhani ni mimi. Nimekuja kukuomba msamaha kabla majibu hayajatoka, yasije yakasema yenyewe kwanza."

Mshale wa sekunde uliruka, ukarudi. Uliruka, ukarudi.

"Saa hiyo inasema saa ngapi?" Fundi aliuliza.

"Inasema saa nne, Baba. Haiendi. Sasa hivi inakaribia saa kumi."

Alitaka kusema kitu kingine cha saa. Alikitafuta, hakukipata. Mkono wake wa kulia, ule usioshikwa, ukaingia chini ya mto. Alikitoa kikombe, akakiweka mkononi mwa mkwe wake, akavikunja vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Hiki si cha kazini kwako?"

"Kinuse."

Alimsikia akikinusa. Alimsikia anakinusa tena, polepole.

"Kinanuka mdomo, Baba."

"Ni mdomo wangu."

Nje, mtu alisukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Lini?" aliuliza mkwe.

"Alasiri ile niliporudi nyumbani. Nilikilamba, nikakibana. Nilitaka kuona saa inavyopumua."

"Na jino? Daktari kasema amekuuliza jino."

"La nyuma, chini. Linatoa usaha. Lina muda."

Mkono wa mkwe ulikuwa bado ndani ya mkono wake. Fundi aliuhisi ukikakamaa, kisha ukatoka. Alipoongea, sauti yake ilikuwa imepanda juu, kwa maana alikuwa amesimama.

"Shangazi amenivua nguo mbele ya watu wodini. Sasa hivi, wakati napita. Wagonjwa wamegeuka kunitazama. Na wewe ulikuwa umelala na hiki chini ya shingo yako."

"Nilikuwa nimelala nacho."

"Mimi nakuita Baba."

Fundi alikuwa na moja tu lililobaki, akalitoa kabla uoga haujamrudisha.

"Kuna lingine. Mkono wa daktari asubuhi sikuuona. Nilisikia mkono wa koti lake. Naona mwanga tu, mwanangu, na saa hizi hata huo umepungua."

Hasira ikakatika katikati. Muuguzi ndiye aliyebaki chumbani. Fundi alisikia kanga ikipandishwa juu ya magoti, kisha miguu ikikimbia kwenye ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu alazwe hapo, mtu aliuacha mlango ule wazi.

Daktari alikuja bila koti. Alikuwa na mikono mitupu na tochi. Hakupitisha mkono; aliwasha, akazima, akauliza mwanga uko juu au chini, uko pembeni gani. Fundi alijibu alichokiona, na mara mbili akasema sijui, neno ambalo mdomo wake ulilitoa kwa shida kama anayeng'olewa kitu.

"Umenipotezea siku nzima, mzee wangu," daktari alisema. Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. "Jicho la kuona mwanga tu ningelipeleka kisuni asubuhi, hata kwa kuvunja kufuli. Sasa tunakwenda, na sikuahidi kitu."

Mambo yakaenda mbio. Mkuu wa hospitali aliitwa, akaelezwa, akakubali kufuli ifunguliwe kwa kazi hii moja, maana uchafu sasa una mwenyewe. Kikombe kiliingizwa kwenye kichupa cha maabara, kikabandikwa namba kama mhalifu. Mkwe alimsindikiza kitanda kikisukumwa, mkono wake juu ya chuma cha pembeni, si juu ya mkono wa Fundi. Mlangoni alisimama. Daktari alikuwa amesema kikohozi ni kikohozi, hataingia mpaka kipimo cha koo lake kitoke.

"Mwanangu," Fundi alisema.

"Usiongee, Baba. Humo ndani mdomo ufunge. Ukiweza, hata pumzi usiipeleke juu."

Wakamfunika uso kwa kitambaa chenye tundu moja. Ilikuwa kama kurudi stoo ya mashuka, ila ndogo zaidi: pumzi yake mwenyewe, moto, inamrudia usoni, ile pumzi. Dawa ya ganzi ilipoingia, hata ule mwanga wa manjano ulizimwa. Alisikia mashine ikinyonya. Alijua wanavuta nini. Alilala humo, na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, aliwahesabia haki wote aliowafukuza mezani kwa sababu ya kidole chenye jasho.

Siku zilizofuata zilikuwa za kungoja. Jino liling'olewa. Damu ilipimwa tena, na ile protini ya uvimbe ilianza kushuka. Sahani za maabara zikatoa jina refu ambalo Fundi hakujaribu kulishika. Alichoshika ni kwamba waliotoka jichoni, waliotoka kwenye shimo la jino na waliotoka ndani ya kikombe walikuwa ukoo mmoja, na kwamba koo la mkwe wake halikuwa na hata mmoja wao. Mkwe alirudi kazini. Alipita chumbani kwake kila zamu kumtilia matone, shikamoo Baba, marahaba mwanangu, na hakuongeza neno. Redio alikuja mara moja, akaongea juu ya bei ya unga, mvua na mguu wake unaouma, akaondoka bila kumtaja mtu. Mawimbi yalikuwa yamekatika mahali.

Betri ya saa ya ukutani hakuna aliyeibadilisha. Fundi hakuomba.

Ilipofika asubuhi ya kumfungua kwa mara ya kwanza kumpima, mkewe alisimama miguuni, mkwe karibu na mlango na trei yake. Pamba ilitoka. Koti la daktari likakwaruza.

"Ngoja," Fundi akasema. "Daktari, kunja kwanza mikono ya koti. Na usipite karibu na shavu langu."

Alisikia wanga ukivunjika ukikunjwa, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha hakusikia kitu. Aliziba masikio yake kwa viganja vyote viwili ili asiibe, akatazama.

Kulikuwa na manjano. Ndani ya manjano, kitu cheusi kisicho na kingo kilitokea upande mmoja, kikapita taratibu, kikaishia upande wa pili. Alingoja. Hakikurudi.

"Kimepita kitu," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo walioziba masikio. "Kushoto kwenda kulia. Sijui kama ni mkono. Sasa hivi hakuna."

Alishusha viganja taratibu.

"Kweli hakuna," daktari alisema. "Nimeuweka mfukoni."

Mkewe alianza kulia. Daktari akaeleza kwamba huenda litafika hapo tu, au likavuka kidogo, la kutembelea nyumbani bila kugonga kuta. Kwamba meza ya saa aisahau. Fundi alikuwa ameshaijua habari hiyo tangu alasiri ya kikombe. Aligeuza uso upande wa mlango, ambako kitu kingine cheusi kilikuwa kimesimama, kirefu, hakisogei.

"Mwanangu, huyo ni wewe?"

Trei ililia kidogo mkononi.

"Ni mimi," mkwe akasema. Hakuongeza Baba. Lakini hakuondoka, na Fundi alibaki akimtazama alipo, asijue uso wake ulikuwa unasema nini.